Insha na Jicho la Mwenzi

Katika mwaka wa 1718 Benjamin Franklin, mvulana wa miaka 12, alitiwa katika kazi ya kupiga chapa kwa kaka yake mjini Boston. Masomo yake ya shule yalikuwa yamekoma alipokuwa na umri wa miaka 10. Mwalimu wa insha hakuwa naye. Alichokuwa nacho ni vitabu vya kuazima, saa za usiku, na rafiki apendaye ubishi kama yeye, John Collins.

Siku moja vijana hao walibishana kama wanawake wafaa kupewa elimu. Collins alikataa; Franklin akawatetea, labda kwa kupenda ubishi pia. Waliachana bila ya kukata shauri, wakaendelea kwa barua. Collins alikuwa na ulimi mwepesi, na mara nyingi alishinda kwa ufasaha kuliko kwa nguvu ya hoja. Barua hizo zikaangukia mikononi mwa baba yake Franklin, mtengenezaji wa mishumaa na sabuni. Mzee hakujiingiza katika shauri lenyewe. Alimwambia mwanawe kuwa katika kuendeleza maneno na kuweka vituo alimpita mwenziwe, lakini alipungukiwa na uzuri wa kauli, mpango na uwazi. Akamwonyesha mifano katika barua zenyewe.

Kijana angaliweza kununa, maana aliambiwa kuwa hoja njema aliivika matambara. Hakununa, alikiri kwamba mzee amesema kweli, akatafuta dawa ya kila upungufu. Alinunua juzuu moja ya The Spectator, gazeti la London. Aliandika kwa ufupi maana ya kila sentensi, akaweka karatasi kando siku chache, kisha akaijenga insha upya kwa maneno yake na kuilinganisha na ya asili. Ili kuongeza akiba ya maneno, aligeuza hadithi kuwa mashairi, na mashairi kuwa nathari tena. Ili kujifunza mpango, alizichanganya karatasi zake makusudi, na baada ya majuma kadhaa akazirudisha katika taratibu.

Mwaka wa 1727, huko Philadelphia, Franklin aliunda chama cha marafiki kilichoitwa Junto. Walikutana kila Ijumaa jioni, na miongoni mwao walikuwamo wapiga chapa, mpima ardhi, fundi viatu na seremala. Kila mmoja alipaswa kusoma mbele ya wenziwe insha yake mwenyewe mara moja katika miezi mitatu. Majadiliano yalitakiwa kutafuta kweli, si ushindi. Na baada ya muda, aliyempinga mwenziwe waziwazi kwa kauli ya kukata alitozwa faini ndogo.

Mzee wa Boston alitaja sifa kabla ya kasoro, na kasoro akaionyesha mahali pake. Lakini nusu ya kazi ilibaki kwa mwandishi. Sahihisho lililopokewa kwa shukrani tu huishia pembezoni mwa karatasi; lililogeuzwa kuwa zoezi huingia mkononi, likaonekana katika insha ijayo.