Mafundo ya shingoni na chumvi ya mlimani

Mvua inayostawisha migomba ya Machame na Marangu ndiyo hiyo hiyo inayoosha udongo na kuyapeleka madini joto mtoni, mpaka baharini. Kwa hiyo rovu, ule uvimbe wa shingo, kwa karne nyingi limekuwa gonjwa la watu wa milimani, huku mla samaki wa Pangani akiwa salama zaidi.

Tezi ya shingo ikikosa madini hayo hujitanua ili inase hata kidogo kilichopo. Baada ya miaka mingi hufanya mafundo, na baadhi yake ni adenoma: uvimbe wa seli za tezi yenyewe, uliojifunga ndani ya ganda lake. Saratani inayofanana nao hutoboa ganda hilo au kuingia mishipa ya damu. Vidole vya daktari haviwezi kuamua. Huamua hadubini, tena baada ya fundo kukatwa. Ndiyo sababu kufunguliwa kwa KCMC mjini Moshi mwaka 1971, hospitali ya rufaa yenye mabingwa, kulikuwa jambo kubwa kwa shingo za kaskazini.

Upasuaji wenyewe ulikomaa katika milima mingine. Theodor Kocher wa Bern, Uswisi, alieleza mwaka 1883 kwamba wagonjwa aliowatoa tezi yote walizubaa mwili na akili. Akajifunza kubakiza kipande, na mwaka 1909 akapata Tuzo ya Nobel. Lakini kwa maoni yangu kisu kimesifiwa kupita kiasi. Uswisi ilianza kutia madini joto kwenye chumvi mwaka 1922. Tanzania ilifuata kwa sheria katikati ya miaka ya 1990, baada ya Taasisi ya Chakula na Lishe kugawa vidonge vya mafuta yenye madini hayo katika wilaya zilizoathirika zaidi. Miaka ya 1980 takriban robo ya wanafunzi waliopimwa nchini walikuwa na rovu; mwaka 2004 walibaki kama asilimia 7.

Chumvi hiyo, hata hivyo, haiyeyushi mafundo ya zamani. Mengine yamekwisha kujizoeza kufanya kazi bila kutii mwili, na yakipata madini joto kwa wingi hutoa homoni kupita kiasi: moyo unakwenda mbio, jasho linatoka, mtu anakonda ilhali anakula. Zimbabwe iliyaona hayo miaka ya 1990, mara tu chumvi mpya ilipoingia jikoni.