Mzigo, Mkazo na Mbiru: Habari za Neno Moja katika Milima ya Upare

Mnamo Januari 1945 maelfu ya Wapare walishuka kutoka milimani wakaenda Same, makao makuu ya wilaya, wakapiga kambi karibu na boma la Serikali. Hawakuja kupigana. Walikaa tu, na kukaa kwao kukawa kwa miezi. Neno lao lilikuwa moja: kodi mpya iliyoitwa mbiru iondolewe. Mtu aliyeipima kodi hiyo kwa hesabu ya fedha peke yake hakuweza kufahamu kwa nini watu waache mashamba yao na kuketi juani katika nyika ya Same kwa ajili yake. Mzigo ulionekana mwepesi. Kishindo kilikuwa kizito.

Wahandisi wana maneno matatu ambayo yangewafaa sana wanahistoria mahali kama hapa: mzigo, mkazo, na badiliko la umbo. Mzigo ni kile kitokacho nje, kama uzito wa gari moshi juu ya daraja. Mkazo ni nguvu inayozuka ndani ya chuma chenyewe kuupinga mzigo, nayo hupimwa kwa kuigawanya kwa eneo linaloipokea. Badiliko la umbo ni kule kunyooka, kufupika au kupinda kunakofuata. Mtu hawezi kutoboa gunia gumu kwa kiganja chake, bali hulitoboa kwa shazia. Mkono ni ule ule, eneo ndilo lililopungua. Basi mwenye kuuliza habari za mzigo tu, asiulize umeangukia wapi na kwa upana gani, hajauliza lolote juu ya mkazo.

Same yenyewe ina mfano mzuri. Reli ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911, ikipita chini ya Milima ya Upare katika nchi ya jua kali. Kipande cha reli chenye urefu wa mita 10, kikipata joto lililozidi lile la alfajiri kwa digrii 30, hurefuka kwa milimita 3 na nusu hivi. Ndiyo sababu mafundi wa zamani waliacha mwanya kati ya kipande na kipande. Mwanya ukikosekana, na ncha mbili zikabanwa zisisogee, chuma hakirefuki. Lakini ndani yake huzuka mkazo wa kilo 700 na zaidi kwa kila sentimita mraba, wala hapajapita gari juu yake. Mtu aliyesimama kando haoni kitu, mpaka reli inapopinda ghafula.

Ajabu ni kwamba neno ambalo Waingereza hulitumia kwa mkazo huu, nalo ndilo stresi ya vijana wa mijini leo, halikuanzia katika karakana. Asili yake ni maneno ya Kilatini na Kifaransa cha kale yenye maana ya ufinyu na kubanwa, nalo lilitumika kwa taabu za wanadamu kabla ya kutumika kwa vyuma. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa, kwani neno dhiki limetoka katika Kiarabu lenye maana hiyo hiyo ya wembamba wa mahali. Robert Hooke alieleza mwaka 1678 jinsi kamani inavyovutika kwa kadiri ya nguvu inayoivuta. Mwaka 1822 Mfaransa Augustin Cauchy alilipa wazo la mkazo sura yake ya kihesabu, na katika miaka ya 1850 Mskoti William Rankine akawatenganishia wasomaji wa Kiingereza mkazo na badiliko la umbo, kila kimoja na neno lake.

Kisha neno likarudi kwa wanadamu, na njiani likapoteza mipaka yake. Mwaka 1936 Hans Selye, tabibu mzaliwa wa Vienna aliyekuwa akifanya kazi Montreal, Kanada, alitangaza kwamba panya waliotiwa sumu, waliopigwa na baridi na waliojeruhiwa walionyesha dalili zile zile: tezi za juu ya figo kuvimba, na vidonda tumboni. Baadaye hali hiyo akaiita kwa neno la wahandisi la mkazo. Lakini alichokiona kilikuwa badiliko la umbo, naye mwenyewe alikiri uzeeni kwamba angalikijua Kiingereza vizuri zaidi angalichagua neno jingine. Kosa dogo la mgeni wa lugha, lakini matokeo yake yangalipo. Mtu asemapo leo kwamba ana msongo wa mawazo, msikilizaji hajui kama anataja deni, au kule kubanwa kwa ndani, au kukosa usingizi. Na mahali ambapo mambo matatu yana jina moja, ni rahisi kumtibu usingizi mtu ambaye angepaswa kuondolewa deni.

Mwaka 1966 Mmarekani Richard Lazarus alitia jambo ambalo chuma hakinalo. Reli haiulizi ni nani aliyeiwekea mzigo, wala kwa haki gani. Binadamu huuliza, na jibu analojipa ni sehemu ya mkazo wenyewe.

Hapo ndipo habari ya mbiru inapofunguka. Jina halikuwa geni: zamani mbiru ilikuwa ada iliyotolewa kwa watawala wa Upare, ndani ya mahusiano yaliyokuwa na wajibu wa pande mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 Serikali ya Kiingereza na machifu walilichukua jina hilo wakalivika kodi ya namna nyingine, iliyoongezwa juu ya kodi ya kichwa. Kodi ya kichwa ilikuwa sawa kwa kila mtu. Mbiru mpya ilitozwa kwa kadiri ya mali, na mali ya mtu ilipaswa kukadiriwa na watu wengine. Karatasini ni kodi ya haki kupita ile ya kwanza, kwa kuwa mwenye nacho hulipa zaidi. Lakini makadirio hayo yalimwangukia mtu mahali pembamba sana, yaani siri ya zizi lake na ugomvi wake na jirani. Nguvu ndogo iliwekwa katika ncha ya shazia.

Mpare aliyejenga ndiva asingehitaji Cauchy kumweleza. Ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe ambalo hukusanya maji ya mfereji usiku kucha, yafunguliwe asubuhi kwenda mashambani. Maji huisukuma kingo kwa kadiri ya kina chake, si kwa upana wa bwawa. Kwa hiyo kingo hujengwa nene chini kuliko juu, tena huachwa njia ya kufungulia. Katika mbiru njia hiyo haikuwapo. Machifu waliopaswa kupokea malalamiko ndio hao hao walioitoza kodi, na hivyo maneno yaliyokosa pa kupitia kule milimani yaliteremka yote Same.

Wakubwa waliliona badiliko la umbo, yaani watu waliokaa bomani, wakalipa jina la ukaidi. Isaria Kimambo, mwanahistoria mwenyeji wa Upare, aliyeandika juu ya mbiru mwaka 1971, aliwatazama watu hao kwa jicho lingine: wakulima waliojua barabara wanachokataa. Hawakukataa kulipa kodi yote, walikataa kukadiriwa. Baadaye wanawake wa Usangi nao waliingia katika shauri hilo. Yasimuliwa kwamba walimwambia mkuu wa wilaya kwamba ikiwa yeye ndiye anayewazuilia waume zao Same, basi achukue yeye wajibu wa waume, awape watoto. Hakuwa na jibu. Kufikia mwaka 1947 mbiru ilikuwa imeachwa, na kodi ya sawa kwa wote ikashika mahali pake.