Chuma na Ukweli Wake: Karne ya Ukarabati wa Magari ya Kale ya Vita

Septemba 1915, katika kiwanda cha William Foster mjini Lincoln, Uingereza, mafundi waliozoea kuunda mashine za kilimo walikamilisha chombo cha chuma kilichokuja kuitwa Little Willie. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 15 Septemba 1916, vifaru vya Mark I viliingia vitani kwa mara ya kwanza katika mapigano ya Somme, kaskazini mwa Ufaransa. Jeshi halikuviunda ili vidumu. Kifaru kilichoharibika kilitengenezwa, kilichoshindikana kiling'olewa spea, na kilichobaki kikawa chuma chakavu. Kutokana na desturi hiyo likazuka swali ambalo mafundi na wahifadhi wangali wanalijadili: gari la kale la vita likifufuliwa, lirudishwe katika hali ya wakati gani ndipo lihesabiwe kuwa halisi?

Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha mwaka 1918, magari hayo yaligeuka nyara na zawadi. Mwaka 1919 serikali ya Uingereza iligawa vifaru zaidi ya 260 kwa miji iliyochangia vizuri katika mikopo ya vita, navyo vikawekwa katika bustani na viwanja vya umma. Wajerumani, ambao waliunda vifaru 20 tu vya aina ya A7V, walipoteza kimoja kilichoitwa Mephisto karibu na Villers-Bretonneux. Wanajeshi wa Australia walikivuta hadi upande wao Julai 1918, na mwaka uliofuata kikapelekwa Brisbane, ambako kilikaa miongo mingi nje ya makumbusho. Huko Bovington, kusini mwa Uingereza, vifaru vibovu vilikuwa vimerundikwa kambini. Inasimuliwa kuwa mwandishi Rudyard Kipling, alipopatembelea mwaka 1923, ndiye aliyeshauri vitunzwe katika makumbusho. Katika zama hizo gari lilithaminiwa kama ushahidi wa ushindi, na hakuna aliyeuliza kama bolti zake ni zile zile za kiwandani.

Vita Vikuu vya Pili vilileta mambo mawili yaliyopingana. Kwanza, njaa ya chuma ilizimeza karibu zawadi zote za mwaka 1919 zilizokuwa zingalipo, zikayeyushwa kwa ajili ya viwanda vya silaha. Kilichosalia pale pale kilipowekwa ni kifaru cha Ashford, jimboni Kent, na kilinusurika kwa sababu kilikuwa kimeharibiwa uasilia wake: mwaka 1929 kilitolewa injini na kufungwa transfoma ya umeme tumboni, kikawa kituo kidogo cha kusambaza umeme mjini. Wangekiyeyusha, sehemu ya mji ingekosa umeme. Kutokana na mkasa huo ukweli mmoja ulikuwa wazi, ingawa ulichukua muda kutambuliwa: mara nyingine badiliko lenyewe ndilo linalokiokoa kitu.

Jambo la pili lilikuwa uzalishaji wa halaiki. Septemba 1940 kampuni ya Bantam ililikabidhi jeshi la Marekani gari dogo la majaribio, na kufikia 1945 kampuni za Willys na Ford zilikuwa zimeunda magari takriban 640,000 ya aina hiyo, yaliyoitwa Jeep. Jeshi lilitaka spea za kampuni moja ziingie katika gari la kampuni nyingine bila kuchongwa. Hata hivyo, kila kiwanda kiliacha alama yake. Ford alipiga herufi F kwenye vipuri vyake, hata kwenye vichwa vya bolti. Fremu ya Willys ilikuwa na bomba la mviringo mbele, chini ya rejeta, ilhali ya Ford ilikuwa na chuma kilichokunjwa. Jeep za mwanzo za Willys zilikuwa na kinga ya rejeta ya vipande vya chuma vilivyochomelewa kimoja kimoja, na za baadaye zikapata ile ya bati lililokatwa matundu kwa mashine. Makanika wa jeshi, alipoletewa gari lililopinda fremu au kufa injini, hakujali alama hizo. Alichukua kilichokuwapo stoo, akafunga, gari likarudi barabarani. Kwa hiyo Jeep nyingi zilikwisha kuwa mchanganyiko kabla vita havijaisha.

Kati ya 1945 na miaka ya 1960 mchanganyiko huo ulizidi. Majeshi yaliuza magari ya ziada kwa bei ya kutupa, yakaenda mashambani, misituni na kwenye migodi, yakapakwa rangi yoyote iliyopatikana. Ufaransa iliendelea kuzitumia Jeep jeshini na kuzijenga upya katika karakana yake ya La Maltournée karibu na Paris, ambako fremu ya gari moja ilikutanishwa na bodi ya jingine na injini ya la tatu. Umoja wa Kisovieti ulifanya vivyo hivyo kwa kifaru kizito kuliko vyote vilivyowahi kuundwa, Maus cha Wajerumani: mwili wa kielelezo cha kwanza uliunganishwa na kichwa cha mzinga cha kielelezo cha pili, na matokeo yake yamo katika makumbusho ya Kubinka hadi leo. Ukikiita Maus halisi husemi uongo, kwa kuwa kila kipande chake kilitoka Ujerumani wakati wa vita. Lakini kifaru hicho, kama kilivyo sasa, hakikuwahi kuwapo mikononi mwa Wajerumani.

Miaka ya 1970 ilizaa kizazi kipya cha wapenzi wa magari hayo. Mwaka 1976 wakusanyaji wa Marekani waliunda chama kinachojulikana leo kama Military Vehicle Preservation Association, na maadhimisho ya kutua kwa majeshi Normandy, hasa ya 1984 na 1994, yakaleta misafara ya Jeep na malori pwani ya Ufaransa. Hapo uhalisi ulipata maana kali: gari lionekane kama siku lilipotoka kiwandani. Mwenye Ford alitafuta bolti zenye F, mwenye Willys akazitupa. Rangi ya kijani isiyong'aa ilipimwa, na namba za boneti zikaandikwa kwa vipimo vya jeshi. Jitihada hizo ziliokoa maarifa mengi ambayo yangepotea. Lakini zilikuwa na kasoro ndani yake. Soko liliponoga, viwanda, vikiwamo vya Ufilipino, vilianza kutoa bodi mpya za Jeep, na gari likaweza kupita ukaguzi wa macho huku bati lake likiwa halijawahi kuona vita. Aidha, aliyekwangua rangi zote ili afike kwenye ile ya kwanza alifuta maandishi ya kikosi, viraka vya makanika wa vitani na rangi ya mkulima aliyelitunza gari kwa miaka 30.

Wakati huohuo fikra nyingine ilikuwa ikikua upande wa majengo ya kale. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964 ulikuwa umeweka msingi kwamba mchango wa kila zama uheshimiwe, na kwamba ukarabati ukome pale makisio yanapoanza. Polepole msingi huo ulifika kwenye mashine. Jaribio lake kubwa lilikuwa kifaru cha Kijerumani Tiger 131, kilichotekwa na Waingereza Tunisia Aprili 1943 baada ya kombora la kifaru cha Churchill kukwamisha kichwa chake cha mzinga. Wahifadhi wa makumbusho ya Bovington walikipokea mwaka 1951, na mwaka 1990 wakaanza kukifungua karibu chote. Injini yake ya aina ya Maybach HL210 ilikuwa imekatwa zamani ili wanafunzi waone ndani, basi wakafunga HL230 iliyotoka kwenye Tiger II ya makumbusho. Chumba cha injini kilitiwa mfumo wa kisasa wa kuzima moto. Desemba 2003 kikatembea tena, na kufikia 2012 kilikuwa kimepakwa upya rangi za wakati wake. Makovu ya makombora hayakuzibwa. Wahifadhi walichagua siku kilipotekwa kuwa tarehe ya ukarabati wao, na pale waliposhindwa kuwa waaminifu kwa tarehe hiyo walisema wazi ni nini kilichobadilishwa. Hata masimulizi ya kutekwa kwake yalikarabatiwa: baada ya miongo ya kutajwa Djebel Djaffa tarehe 21 Aprili, utafiti uliupeleka mkasa huo kwenye kilima cha Gueriat el Atach, tarehe 24.

Njia ya pili ilijitokeza Novemba 1998 kijijini Flesquières, karibu na Cambrai, pale mtafiti Philippe Gorczynski alipofukua kifaru cha Mark IV chenye jina Deborah, kilichopigwa tarehe 20 Novemba 1917. Mbele palikuwa pamepasuliwa na mizinga. Watu watano wa kikosi chake walikufa siku hiyo na wamezikwa jirani. Kukichomelea na kukipaka rangi kungefuta ushahidi wa kifo chao, hivyo kiliachwa kama kilivyotoka ardhini, na tangu 2017 kina makumbusho yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, Mkataba wa Turin wa shirikisho la kimataifa la magari ya kale uliziweka fikra hizi katika kanuni: kuhifadhi kutangulie kukarabati, na kila kinachobadilishwa kiandikwe.

Karakana za leo ni matokeo ya zama hizo zote kwa pamoja. Kutoka jeshini zimerithi ruhusa ya kubadilisha spea, kutoka kwa wakusanyaji jicho la kutambua bolti, na kutoka kwa wahifadhi daftari la kumbukumbu. Kabla ya kupiga msasa, fundi makini hupiga picha, hufuata tabaka za rangi moja baada ya nyingine, hutenga vipande vilivyotolewa badala ya kuvitupa, na hutia alama kwenye vipya. Mabishano hayajaisha, kwa kuwa gari linalotembea lazima lichakae na lisilotembea huficha nusu ya ukweli wake. Lakini historia imetufikisha kwenye kipimo kilicho bora kuliko kile cha bolti peke yake. Gari la vita halikuwa na siku moja ya kweli. Lilikuwa na maisha, na kila mkarabati huchagua siku moja ya maisha hayo kwa gharama ya nyingine. Uhalisi wa kazi yake utapimwa kwa jinsi alivyoitaja siku hiyo bila kuficha, na kwa alichowaachia watakaotaka kuchagua siku nyingine baada yake.