Mbatata Zilivyopendwa Ufaransa

Hapo kale Wafaransa walizidharau mbatata, wakawapa nguruwe. Wengine walinena kwamba zaleta ukoma. Hata siku za njaa wengi walizikataa.

Katika Vita vya Miaka Saba (1756–1763) mtengeneza dawa mmoja Mfaransa, Antoine-Augustin Parmentier, alitekwa na watu wa Prussia, akalishwa mbatata kifungoni. Hakuugua, bali alitoka na afya yake. Aliporudi kwao alifanya bidii kuwafundisha wenziwe, na mwaka 1772 waganga wa chuo cha Paris walikiri kwamba chakula hiki hakina madhara.

Lakini ulimi hautii amri ya waganga. Basi Mfalme Louis XVI alimpa Parmentier shamba la mchanga huko Sablons, karibu na Paris. Yasimuliwa kwamba aliweka askari walilinde mchana, na usiku akawaondoa. Watu wakawaza, “Kilindwacho hivi hakikosi thamani.” Wakaiba, wakapika, wakapenda.

Parmentier alikufa mwaka 1813, na hata leo wageni huweka mbatata juu ya kaburi lake. Nasi tusikatae mboga kabla ya kuionja, kwani usilolijua ni usiku wa giza.