Upepo wa Kasumbalesa, Upepo wa Likasi

Ikifika Septemba, mchoma matofali wa Lubumbashi huangalia upepo kabla ya kuangalia wingu. Baba yangu alifyatua na kuchoma matofali upande wa Ruashi mpaka magoti yalipomkataa, na pepo zote za dunia alizigawa mbili. Unaotoka kusini-mashariki, njia ya mpaka wa Zambia, aliuita wa Kasumbalesa. Unaotoka kaskazini-magharibi aliuita wa Likasi. Wa kwanza unashika kuanzia Mei, ni mkavu, unapasua midomo na kukausha tofali bichi kwa siku chache. Wa pili ndio wenye mvua. "Mupepo ukigeuka ku Likasi," alikuwa anatuambia, "musilale."

Hakwenda shule ya hali ya hewa, lakini aliyoyasema yamo katika vitabu. Mji wetu uko kwenye uwanda wa juu, mita 1,200 hivi juu ya bahari. Wakati wa kiangazi tunapata upepo uliotoka Bahari ya Hindi, ambao maji yake mengi umeyaacha kwenye milima na miinuko ya huko njiani. Hapa unafika mtupu. Jua likirudi kusini mwezi wa Septemba, hewa nzito ya misitu ya Kongo nayo inaanza kusukuma kutoka kaskazini na magharibi. Pepo hizi mbili zinakutana kwenye mstari, na mstari huo ukiwa bado mbali kaskazini, sisi tunakula vumbi. Ukivunjika au ukiteremka, ngurumo zinaanza. Kwa mwaka tunapata karibu milimita 1,200 za mvua, nyingi kati ya Novemba na Machi. Juni, Julai na Agosti ni kama hakuna kitu. Hatari kwa mchoma matofali iko Oktoba, maana mvua yake ni kidogo na haina ahadi.

Udongo wetu unatoka kwenye vichuguu. Aliyesafiri nje ya mji anavijua, vilima vya mchwa vinavyofika mita 8, na udongo wake mwekundu unashikamana vizuri kuliko wa uwanda. Unachimbwa, unalowekwa, unakanyagwa kwa miguu, unaingizwa katika kalibu ya mbao na kupinduliwa chini. Tofali likikauka upande mmoja linasimamishwa kwa ubavu. Baadaye matofali yanapangwa kuwa tanuru lenye midomo chini ya kupitishia magogo, kisha tanuru lote linakandikwa tope ili moto usitoroke. Moto unalishwa usiku na mchana. Mvua ikikuta tofali bichi, linarudi kuwa tope na kazi ya miezi inakuwa lundo. Ikikuta tanuru linalowaka, matofali ya juu yanapasuka kwa mlio kama wa kuni mbichi, na ukiyagonga baadaye hayalii, yanatoa sauti ya chungu kilichopata ufa. Oktoba moja tulipoteza tanuru zima kwa usiku mmoja. Mama alikwenda Kenya, mtaa wa hapahapa mjini, kuuza makaa ili tulipe deni la kuni.

Hesabu hii ya upepo na moto ina umri mkubwa kuliko mji. Karne nyingi kabla ya Wabelgiji, wayeyushaji shaba wa Katanga, Wasanga wakiwemo, walifanya kazi yao kiangazi tu. Mtama ukishavunwa, watu wanahamia kwenye vilima vya shaba, wanachimba mawe ya kijani kwenye mashimo yaliyokauka, wanachoma makaa, wanajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, na mivukuto inaanza kupuliza. Mvua ikikaribia mashimo yanajaa maji, na watu wanarudi shambani. Misalaba ya shaba iliyosafiri hadi mbali ilizaliwa katika miezi ile michache. Askofu Jean-Félix de Hemptinne alikusanya habari zao na kuzichapisha mwaka 1926 kwa jina la walaji shaba wa Katanga, wakati kazi yenyewe ilikuwa imekwisha kuzimwa na ukoloni. Ninapozisoma namwona baba: udongo uleule wa kichuguu, na hofu ileile ya Oktoba.

Hata mji wa Wazungu ulizaliwa kiangazi. Reli kutoka Rhodesia ilifika Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati huo, Septemba 1910, na shaba ya kwanza ya kampuni ya migodi ya Union Minière ilimiminwa mwishoni mwa Juni 1911. Bomba lao la moshi likasimama kando ya mto Lubumbashi, na kwa miaka mingi upepo wa Kasumbalesa ukaubeba moshi wake kuelekea kaskazini-magharibi. Nenda Penga Penga ukaone. Huko miti ilikufa, ardhi ikabaki wazi, na udongo umebeba shaba, kobalti, risasi na kadimi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamefanya kazi kubwa ya kutafuta nyasi na miti inayoweza kuvumilia pale. Kwangu mimi hiyo ndiyo ramani ya upepo iliyo wazi kuliko zote, na waliolipia kuichora ni watu wanaolima mchicha mlangoni pao.

Kupima kwa vyombo kulikuja pia. INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoundwa 1933, ilikuwa na kituo Keyberg, karibu na mji, na Franz Bultot alikusanya vipimo vya vituo vingi kuwa atlasi ya hali ya hewa ya bonde la Kongo, iliyotoka miaka ya 1970. Lakini ninayempenda zaidi ni François Malaisse, aliyefundisha chuo kikuu hapa. Kwa kuufuata msitu wa miombo mwezi kwa mwezi, aliona mwaka wetu una misimu mitano, siyo miwili ya vitabu vya shule: kiangazi cha baridi, kiangazi cha joto, mwanzo wa mvua, mvua kamili, na mwisho wa mvua. Kile kiangazi cha joto ni kifupi, na hapo miti ya miputu inatoa majani mapya mekundu kabla tone moja halijaanguka. Mti umeshajua. Wachoma matofali nao walikuwa wakiyaangalia majani hayo.

Leo simu inatuonyesha wingu lenye matone, siku 10 mbele, na vijana wanaliamini. Mimi naliangalia pia, ila nakwenda nje kwanza. Wiki hii asubuhi upepo bado ni wa Kasumbalesa, mbingu nyeupe kwa moshi wa nyasi zinazochomwa, jakaranda zimechanua. Kuanzia saa nane mchana upepo unakufa, na jioni mawingu yanajikusanya upande wa Likasi bila kuleta kitu. Matone ya kwanza yanaweza kuanguka siku yoyote, kisha jua lirudi kwa wiki nzima au mbili. Mahindi yasubiri Novemba. Mwenye matofali mabichi uwanjani aanze kupanga tanuru kesho, na nailoni iwe karibu.