Ni Umri Tu

Shosho alikuwa na miaka 81 alipofika wodini akilalamika kifua. Daktari, kijana wa rika langu, hakumpima. "Ni umri tu, shosho," alisema, akamwandikia dawa za maumivu. Siku ya tatu tukampoteza.

Wajomba walitaka korti. Mimi nikatumwa kusoma sheria, kisa niliwahi kuisomea mwaka mmoja nikaiacha.

Nikajikuta London, kwenye kesi ya 1957. John Bolam alikuwa na mfadhaiko. Hospitali ya Friern ikamtibu kwa shoti za umeme bila dawa ya kulegeza misuli. Akavunjika nyonga. Akashtaki, akashindwa. Jaji aliiambia juri kwamba daktari aliyefuata desturi inayokubaliwa na madaktari wenzake wenye ujuzi si mzembe. Korti zetu zilirithi kipimo hicho, pamoja na zile wigi.

Sasa, kama desturi yenyewe ni kutazama mvi na kuacha kupima? Katiba yetu ya 2010 haina utata: Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi wa umri, cha 57 kinawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima.

Wakili alitusikiza, halafu akaitisha vitu viwili: faili ya hospitali, na daktari atakayesimama kortini aseme mwenzake alikosea. Faili tulipata baada ya miezi saba. Daktari, bado. Madai ya uzembe yana miaka 3, na yetu imebakisha miezi mitano. Mjomba mkubwa hupiga simu kila Jumapili.