Ayurveda na Majira ya Majani Kupukutika

Leo tunazungumzia Ayurveda, tiba ya kale ya Wahindi, na jinsi ilivyofunza watu kutulia mwili na akili majira yanapobadilika.

Neno hilo ni la Kisanskriti: ayus ni uhai, veda ni maarifa. Kitabu cha Charaka, chenye umri wa takriban miaka 2,000, kiligawa mwaka katika majira sita. Mvua kubwa ikiisha India, mwezi wa Septemba hivi, huingia Sharad. Waganga wa kale walisema kwamba mwili uliozoea ubaridi wa mvua hushtuka jua kali likirudi, na joto la ndani, walilolipa jina pitta, huchafuka. Ndipo wakashauri chakula chepesi: wali, ngano, ndengu. Walikataza maziwa ya mgando, jua kali na usingizi wa mchana. Jioni watu waketi nje kwenye mbalamwezi.

Sasa sikiliza ajabu. Tiba hiyo ilivuka bahari, na mwaka 1984 daktari Vasant Lad akaanzisha chuo chake New Mexico, Marekani. Kule majani hupukutika kukiwa na baridi, ukavu na upepo, kwa hiyo walimu wa Ayurveda huhofia vata, yaani upepo wa mwilini. Wao husema: jipake mafuta ya simsim yaliyopashwa moto, kunywa supu, lala mapema. Majira ni yale yale, ushauri ni tofauti! Hakuna aliyekosea; kila mmoja alitazama hewa ya kwao. Kwetu hata neno vuli ni mvua fupi, si majani makavu. Basi mama wa Kakamega hana haja ya kunakili orodha ya vyakula ya Mzungu.

Kutafakari nako kulitoka India. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa wa maumivu sugu, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, kufuatilia pumzi zao bila haraka. Unaweza kufanya hivyo ukinyonyesha: hisi pumzi ikiingia, ikitoka, wazo la karo likija, liache lipite, urudi kwenye pumzi. Haigharimu hata shilingi.

Dawa za kumeza ni habari nyingine. Mwaka 2004 watafiti walichapisha matokeo ya dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani Boston: 14 zilikuwa na madini ya risasi, zebaki au aseniki. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, hata aliye tumboni. Kwa hiyo mjamzito asinywe poda au vidonge vya aina hiyo, wala asimpe mtoto, kabla ya kumwuliza daktari.

Na mama aliyejifungua, huzuni ikipita wiki mbili, au ukipata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, pumzi pekee haitoshi. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, ukisindikizwa na mtu.